Kompyuta kwa Pishi za Karafuu



Leo nilikuwa nimejitayarisha kuzungumzia jambo jengine kabisa. Lakini tangu nilipogusia kwa mbali, majuma mawili yaliyopita, habari za vijana na michezo ya kompyuta, simu hazikukatika. Wazazi wanauliza swali moja kwa maneno mbalimbali: kijana wangu ananisumbua nimnunulie kompyuta ya kuchezea gemu, fedha yenyewe ndiyo hii kidogo, nifanyeje? Mama mmoja wa Mwembeladu aliuliza kwa ukali zaidi. "Nyinyi watu wa redio mwajua kusema tu," alisema. "Basi leo semeni kipi rahisi, na kisichonilazimisha kununua tena mwakani."

Bibi huyo ana haki ya kuuliza. Jibu ninalo, ila haliwezi kukamilika bila ya mimi kukiri kosa nililolifanya mwenyewe, tena kwa fedha isiyokuwa yangu.

Kwa wasioijua, Gando ni kijiji cha wilaya ya Wete, kaskazini ya Pemba, upande wa magharibi wa kisiwa. Ukishuka boti Mkoani unapanda gari mpaka Chake Chake, kutoka Chake unakwenda Wete, na Wete unatafuta gari ya Gando, ukiomba isiwe imeshajaa. Wenyeji ni wavuvi na wakulima, na msimu wa karafuu ukifika, karibu kila mwenye nguvu huwa yuko mtini au jamvini. Dada yangu ameolewa huko, na mwanawe wa pili ndiye mwenye kisa hiki.

Kijana huyu alipokuwa na miaka 17 alikuwa akiimaliza nauli yake yote Wete, kwenye kibanda cha gemu, ambako mtu hulipa kwa mechi. Siku moja akapiga hesabu ya fedha aliyoiacha pale kwa mwaka mzima, akashtuka. Akaamua kununua mashine yake mwenyewe. Hakuja kuniomba fedha, na hilo lataka kusemwa. Alikwenda kuchuma karafuu.

Nyinyi mnaokula pilau mjini huenda hamjui karafuu ile imeshuka vipi. Mchumaji hupanda mti alfajiri, na tawi la mkarafuu lina tabia ya kukatika bila ya kuaga. Jioni hulipwa kwa pishi alizochuma, wala si kwa saa alizoning'inia. Kila msimu tunasoma habari za walioanguka. Wapo waliovunjika viuno na wapo waliozikwa. Kwa hivyo mtu akikukabidhi fedha ya pishi, amekukabidhi kitu kizito, na mimi nilikabidhiwa shilingi 400,000 zilizofungwa kwenye kitambaa, pamoja na maneno haya: "Mjomba, wewe uko mjini, na kompyuta unaitumia kazini kila siku. Nichagulie."

Hapo ndipo niliponapaswa kusema sijui. Kompyuta yangu ya kazini ni ya kukatia sauti na kuandikia taarifa, na kilichomo tumboni mwake sikuwa nikikijua. Lakini mjomba wa mjini hasemi hajui.

Ilikuwa mwaka 2020. Nikaingia duka moja, nikaoneshwa mashine ya ofisi iliyotumika, imetoka Dubai, nyembamba, safi, inang'aa. Prosesa yake Core i5 ya kizazi cha sita, memori gigabaiti 8, bei shilingi 380,000. Muuzaji akaniambia gemu zinaingia, na mtu akitaka zaidi siku za mbele, ataongeza. Neno hilo "ataongeza" ndilo lililonimaliza. Nililipa, nikaifunga mashine kwenye gazeti, nikaipeleka botini.

Gemu ziliingia kweli, lakini zilicheza kwa kugugumia. Mpira unapigwa, mchezaji anaganda, akiamka bao limeshafungwa. Kijana akasema kinachokosekana ni kadi ya picha. Akarudi mtini msimu wa pili. Mwaka 2021 akaleta fedha nyengine, nikamnunulia kadi iliyotumika kwa shilingi 280,000, na mwaka ule kadi zilikuwa ghali duniani kote, kwa sababu wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walikuwa wakizinunua kwa mafungu. Siku mbili baadaye simu ikalia.

"Mjomba, kadi haiingii."

"Isukume kidogo, mwanangu, isikuogopeshe."

"Mjomba, kadi ni ndefu kuliko kasha lenyewe."

Nikamwambia aipeleke kwa fundi Wete. Fundi akaifungua mashine, akacheka, kisha akaona uso wa kijana, akanyamaza. Akamweleza mambo matatu, na mimi nikayasikiliza kwa simu, nikiwa nimesimama nje ya studio jua likinipiga.

La kwanza, kasha ni jembamba, na linapokea kadi fupi za aina yake tu. La pili, tundu la kadi kwenye bodi hutoa umeme wa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima ivutiwe waya wake kutoka kwenye pawa saplai, yaani lile sanduku la ndani linalogawa umeme. Mashine yetu ilikuwa na pawa saplai ya wati 180 kwa matumizi yake yote, na waya wa kadi haukuwamo hata mmoja. La tatu ndilo lililouma zaidi. Pawa saplai yenyewe huwezi kuibadilisha kwa ya dukani, kwani umbo lake na vichwa vya waya zake ni vya kampuni iliyoitengeneza. "Mzee," fundi aliniambia, "hii ni nyumba isiyo na uwanja. Mtu ataingia, atalala, lakini hataongeza hata banda la kuku."

Dukani wakasema bidhaa ikishatoka hairudi. Laki sita na sitini za karafuu zilikuwa zimelala mezani pale Gando, na mashine ikigugumia vilevile. Dada yangu hakunilaumu, na hilo likawa zito zaidi kuliko lawama. Kijana naye akasema, "Haidhuru, mjomba, hata wewe hukujua." Nikatamani angenitukana.

Ndugu msikilizaji, baada ya hapo nilikaa chini nikajifunza, uzee na yote. Nitakayoyasema sasa ni yale ambayo ningetamani kuambiwa kabla ya kuingia lile duka.

Tazameni nyumba zetu za mjini. Mtu akijenga nyumba ya chini na mfuko wake ukaishia hapo, nguzo zake huziacha na nondo zimechomoza juu ya paa. Wageni huona ni uchafu. Sisi tunajua mwenyewe ameweka nia: Mungu akijaalia, ghorofa itapanda. Lakini nondo zile hazina maana ikiwa msingi uliwekwa wa nyumba ya chini. Kompyuta ya mtu mwenye fedha kidogo inunuliwe hivyo hivyo. Fedha ya mwanzo iende kwenye vile visivyobadilishika kwa urahisi, na vinavyobadilishika vingoje.

Visivyobadilishika kwa urahisi ni vitatu: kasha, pawa saplai na bodi kuu, ambayo mafundi huiita madabodi. Kasha liwe pana la kawaida, hata likiwa la zamani. Pawa saplai iwe ya kipimo cha kawaida, ya jina linalojulikana, wati 500 na kuendelea. Tena hapa nawaomba sana msifanye ubahili, maana pawa saplai mbovu ikiungua huenda ikaondoka na wenzake. Kuna za bei ya chini zilizoandikwa wati 600 ubavuni ambazo uzito wake ni wa boksi la biskuti. Hizo ziacheni dukani.

Madabodi ndiyo inayotaka akili. Kila bodi ina soketi, ambayo ni kiti cha prosesa, na kila kiti kina mkaaji wake. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: soketi hii inapokea prosesa gani iliyo kubwa kabisa? Akibabaika, ondoka. Makampuni hayako sawa katika jambo hili. Intel alipotoa prosesa za kizazi cha sita mwaka 2015, bodi zake zilipokea na kizazi cha saba, na hapo safari ikakatika. Kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017 kilikuwa na idadi ileile ya vipini, lakini ukikikalisha kwenye bodi ile ya zamani hakiwaki. Mshindani wake, AMD, alitoa prosesa za Ryzen mwaka 2017 juu ya soketi aliyoiita AM4, na mwezi Januari 2024 alikuwa bado anatoa prosesa mpya za soketi hiyo hiyo. Miaka saba kwa kiti kimoja! Kwa mtu anayenunua msimu kwa msimu, hiyo ni rehema. Soketi iliyoifuata, AM5, ilianza mwaka 2022, na AMD ameahidi kuendelea nayo mpaka mwaka 2027 na zaidi, lakini inataka memori ya aina mpya, DDR5, na ukiijumlisha na bodi yake hesabu inapanda haraka.

Basi mwaka 2022, msimu wa tatu, tulianza upya. Safari hii sikuchagua peke yangu. Kila kitu kilipita kwa fundi wa Wete kwanza. Ile mashine nyembamba tuliiuza kwa mwalimu mmoja wa skuli kwa shilingi 250,000, naye mpaka leo anaandikia mitihani na anaisifu kwelikweli. Mashine haikuwa na kosa. Ilitengenezwa kwa ajili ya meza ya karani, sisi tukaipeleka uwanja wa mpira. Kadi tuliiuza kwa hasara kubwa ambayo sitaitaja hapa, kwa sababu shemeji yangu husikiliza kipindi hiki.

Kutoka Dar es Salaam tukapata madabodi iliyotumika ya soketi AM4, aina ya B450, pamoja na prosesa Ryzen 3 3200G, vyote viwili kwa shilingi 330,000. Prosesa hiyo ya mwaka 2019 ina kitu ambacho mnunuzi wa fedha kidogo akijue: ndani yake mna uwezo wa kuchora picha. Kwa hivyo mashine inawaka na kucheza gemu nyepesi bila ya kadi yoyote, na kadi inangoja msimu wake. Memori tulichukua vipande viwili vya gigabaiti 8, shilingi 130,000. Kwa nini viwili na si kimoja cha 16? Kwa sababu prosesa inayochora picha yenyewe hukopa memori ya mashine, na vipande viwili humpa njia mbili za kupitia badala ya moja. Tofauti yake katika gemu inaonekana kwa macho. Na bodi ilikuwa na matundu manne, kwa hivyo mawili yalibaki wazi.

Diski ya SSD ya gigabaiti 480 ilikuwa shilingi 90,000. Kasha tuliling'oa kwenye kompyuta mbovu, shilingi 30,000, lina kutu pembeni, na kijana akalipaka rangi ya mashua ya baba yake. Pawa saplai ya wati 550 tuliagiza kwa ndugu yetu aliyeko Muscat. Ilifika Pemba ndani ya sanduku la nguo, katikati ya mashuka na haluwa, na ilitugharimu kama shilingi 160,000. Jumla 740,000. Ukitoa 250,000 ya mashine tuliyoiuza, kijana alitia mkono mfukoni kwa 490,000. Monita na kibodi alikuwa navyo.

Mashine hiyo ya mwaka 2022 haikuwa na nguvu ya kutisha. Mpira ulicheza vizuri, GTA ya tano ilicheza kwa picha za kiwango cha chini, na gemu kubwa mpya hazikuguswa. Lakini haikuganda. Na mwaka ule ule, tarehe 15 Septemba, likatokea jambo mbali sana na Gando: sarafu ya Ethereum ikabadilisha utaratibu wake, na kadi za picha zikawa hazina tena kazi ya kuichimba. Wachimbaji waliokuwa wamezikusanya wakaanza kuziuza. Kadi zilizokuwa hazishikiki mwaka 2021 zikawa zinafuata wanunuzi. Mwaka 2023 kijana wangu akapata RX 580 ya gigabaiti 8 kwa shilingi 260,000, akaichomeka, akaunga waya wake kwenye pawa saplai ya Muscat, ikawaka. Hapakuwa na kusukuma.

Tahadhari hapo. Kadi iliyochimba sarafu imefanya kazi usiku na mchana. Usiilipie mpaka umeiona ikicheza gemu nzito saa nzima mbele yako, na usikilize feni zake kama unavyosikiliza injini ya boti kabla hujalipa. Muuzaji anayekataa majaribio amekwisha kukujibu.

Mwaka 2024 ikafika zamu ya prosesa. Ryzen 5 5600, ya mwaka 2022, kiti kilekile. Tulinunua kwa shilingi 280,000, na ile ya zamani ikauzwa 110,000. Lakini bodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa hiyo kuzaliwa haiitambui mpaka isomeshwe programu mpya ya ndani, ile inayoitwa BIOS. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Ila umeme ukikatika katika dakika hizo, bodi huenda ikafa pale pale, na kuifufua ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Sasa lazima nizungumzie umeme wa Pemba. Kwa miaka mingi kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwezi Juni 2010 ukawashwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Tanga, na maisha yakabadilika. Asiyelikiri hilo hana kumbukumbu. Hata hivyo, kwa dada yangu taa huzimika kama kwengine, na zinaporudi hurudi kwa kishindo. Kwa hivyo tuliweka masharti kwamba BIOS haiguswi mpaka pawepo UPS, lile sanduku la betri linaloshika mashine kwa dakika kadhaa umeme ukiondoka. Kijana akanunua ndogo, shilingi 150,000. Alinung'unika kuwa fedha hiyo haionekani kwenye skrini. Nikamwambia, mara hii kwa sauti ya anayejua, kwamba msingi nao hauonekani.

Tulifanya kazi hiyo asubuhi ya Idi pili. Nilikuwa nimekwenda kuwatembelea. Shemeji akaombwa asiwashe pasi, mtoto mdogo akakalishwa kwenye swichi ya ukutani kwa ulinzi. Mstari ukaanza kutembea kwenye skrini, asilimia 10, asilimia 30. Kwenye asilimia 60 na kitu feni ya dari ikapunguza mwendo, ikasimama. Nyumba nzima ikanyamaza. UPS ikaanza kulia, pii, pii, pii, na mstari ukaendelea kutembea. Sijui ulichukua muda gani. Mimi nilikuwa nikiziona zile pishi, moja moja, zikishuka mtini. Ukafika mia, mashine ikajiwasha upya, kijana akaizima mwenyewe, akakaa chini sakafuni. Umeme ulirudi adhuhuri. Alasiri akabadilisha prosesa, na ikatambuliwa.

Shemeji yangu hajaridhika mpaka leo. Hoja yake ni kwamba fedha ile ingezaa mbuzi, na mbuzi hawahitaji betri. Simdharau. Mashine ikicheza gemu nzito pamoja na monita hula kama wati 300, na saa tatu za kucheza ni karibu uniti moja ya umeme, ambayo yeye ndiye mnunuzi wake. Nilimwambia kijana achangie uniti, na anachangia. Lakini neno "anasa" ambalo shemeji hupenda kulitumia, hapo huwa namkumbusha kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Bara hata televisheni ilikuwa marufuku, wakati sisi Zanzibar tulikuwa tukitazama ya rangi. Hao hawakuwa wajinga. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na kompyuta za wakati ule zilikula sana na kuleta kidogo. Marufuku hiyo ikaja kuondolewa, na waliokuja kujifunza baadaye walianza nyuma.

Sisemi kwamba gemu zimempa kijana kazi. Amehariri picha za harusi mbili tatu za Wete kwa mashine ile ile, kwa sababu kuhariri video kunataka vitu vilevile vinavyotakiwa na gemu. Na jirani zake humletea mashine zao zikikataa kuwaka. Mchana bado anakwenda baharini na baba yake. Nyumbani kwa dada jioni barazani hujaa vijana, na mama yao anajua walipo, jambo ambalo zamani hakulijua.

Narudi kwa bibi wa Mwembeladu, maana aliuliza hasa kipi rahisi. Bibi, kama fedha yako inaishia laki nne na huna matarajio ya kuongeza, nunua mashine ya ofisi iliyotumika lakini ile pana, ya kusimama, uitie kadi isiyohitaji waya wake, kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, au GTX 1650 ya mwaka 2019, na hiyo uitazame kwanza, kwani nyengine zina tundu la waya. Pima urefu wa kadi na nafasi ya kasha kwa rula kabla ya kulipa. Ila ujue hapo ndipo mwisho. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha sita, na za saba karibu zote. Ofisi za ulaya zinazitupa, na ndizo zitakazokuja kwetu kwa wingi na kwa bei ya kuvutia. Muuzaji hatakwambia kwa nini ni rahisi. Uliza kizazi.

Na kama unaweza kungoja na kuongeza kidogo kidogo, fanya tulivyofanya sisi mara ya pili. Kisha mlinde mgeni wako na chumvi. Kwetu hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na vumbi likichanganyika navyo hugeuka tope ndani ya feni. Kijana wangu hufungua kasha kila baada ya miezi mitatu, akalipangusa kwa brashi ya rangi iliyokauka. Habari za mtandao sitazizungumza sana leo. Gemu moja kubwa hupita gigabaiti 100, na ukiishusha kwa kifurushi cha simu utajuta. Wao hununua akaunti, kisha mzigo wenyewe hunakiliana kwa hadidiski kutoka Wete.

Kuna moja lililobaki, na silifichi. Mpango wa mwaka 2025 ulikuwa kujaza yale matundu mawili ya memori, ifike gigabaiti 32. Fedha ilikuwepo. Lakini mwaka huo viwanda vikaipa kisogo memori ya zamani, na ilipofika mwisho wa mwaka vituo vya akili bandia vikawa vinanunua memori kwa pupa, bei zikaruka duniani kote, mpaka kampuni ya Micron ikatangaza mwezi Disemba kwamba inaachana na biashara ya kumuuzia mnunuzi wa kawaida chini ya jina la Crucial. Kijana alinipigia kunambia bei aliyotajiwa, nami nikamwambia angoje. "Nitangoja, mjomba," akasema, "nafasi si ipo?" Nafasi ipo. Matundu mawili bado yako wazi, ameyaziba kwa vipande vya boksi la viatu ili vumbi lisiingie.